Wewe wa Ngapi Kwenu?

Katika mabaraza yetu, iwe Maskati, Dubai au huku Uingereza, mgeni hakai sana kabla ya kuulizwa: "Wewe wa ngapi kwenu?" Akijibu kuwa ni kifungua mimba, waliokaa hutikisa vichwa: "Ndiyo maana una uzito." Akisema ni kitinda mimba hucheka: "Aa, kumbe! Umedekezwa wewe." Akiwa wa katikati huonewa huruma kidogo, kisha husahauliwa. Hukumu imeshapita na chai bado ya moto.

Mwaka jana tulisoma khitma ya marehemu mama yangu nyumbani kwangu, kwa kuwa kuwahi maziko Unguja sikuweza. Baada ya kula, mzee mmoja akaniambia, "Wewe ndiye mkubwa wa kwenu, tunakuona ulivyolibeba jambo hili." Nikamwambia hapana, mimi ni wa tatu katika watano. "Wa tatu? Haiwezekani!" Akanitazama kama mtu niliyemdanganya. Hapo kijana mmoja anayesoma chuo kikuu akaingilia kati akisema kuwa hayo si maneno ya baraza tu. Ni elimu, na kipo kitabu kizima juu yake: Born to Rebel cha Frank Sulloway, Mmarekani, kilichotoka mwaka 1996. Wazee walifurahi sana, maana si kila siku kitabu cha Marekani kinakubaliana nao. Mimi nilikiazima maktaba nikakisoma mpaka mwisho, na haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza nikitendee haki kitabu. Sulloway ni mwanahistoria wa sayansi, na swali analoanza nalo ni zuri. Darwin alipochapisha nadharia yake mwaka 1859, kwa nini baadhi ya wataalamu waliipokea upesi, na wengine wenye elimu ile ile wakaipinga mpaka wakaingia kaburini? Alitazama utajiri wao, umri wao, dini zao na mataifa yao. Mwishowe akadai kuwa sababu kubwa imo ndani ya nyumba waliyolelewa. Watoto, anasema, hugombea mapenzi na mali ya wazazi kama ndege wa kisiwa kimoja wanavyogombea chakula. Wa kwanza hukikuta kiti kitupu akakikalia, akashikamana na wazazi, akawa mlinzi wa yale yaliyopo. Wanaomfuata hukuta kiti kina mwenyewe, basi hutafuta njia nyingine, wakawa wepesi wa kupokea mapya na wa kuwapinga wakubwa. Kwa ushahidi amekusanya habari za maelfu ya watu, tangu mageuzi ya dini ya Ulaya hadi Mapinduzi ya Ufaransa. Darwin mwenyewe, wa tano katika watoto sita, ndiye shahidi wake mpenzi.

Kitabu kina hadithi nyingi tamu, na mwandishi wake ni mtu aliyesoma kwa miaka mingi kabla ya kushika kalamu. Lakini kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyoanza kusita. Galileo, Newton na Einstein wote walikuwa vifungua mimba, na hakuna walioupindua ulimwengu wa sayansi kuliko hao. Sulloway ana jibu: mtoto wa kwanza akigombana na mzazi naye hugeuka muasi, na tena si kila nadharia mpya huwatikisa wakubwa. Kitinda mimba mtiifu naye anayo sababu yake. Kila mlango unaobishiwa hodi, mwandishi anao ufunguo mfukoni. Nilipofunika kitabu nikajiuliza: yuko wapi mtu ambaye nadharia hii ingeshindwa kumweleza? Maana mganga ambaye mgonjwa akipona ni kwa dawa yake, na akifa ni kwa kuwa hakufuata masharti, huyo hatuwezi kujua kama dawa yake inatibu.

Wala Sulloway si wa kwanza katika njia hii. Mwaka 1874 Mwingereza Francis Galton, yeye mwenyewe kitinda mimba, aliandika kuwa miongoni mwa wanasayansi mashuhuri wa Uingereza wana wa kwanza walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa. Baadaye akaja Alfred Adler wa Vienna, ambaye kwake mtoto wa kwanza ni mfalme aliyepinduliwa siku ndugu yake alipozaliwa, na wa pili ni mtu anayekimbia maisha yake yote ili amfikie aliye mbele. Adler alikuwa wa pili kwao. Kaka yake aliitwa Sigmund, na mkubwa wa kazi yake aliyeachana naye kwa ugomvi mwaka 1911 naye aliitwa Sigmund, yaani Freud. Sisemi kuwa nadharia yake ni malalamiko ya nyumbani yaliyovishwa kanzu ya elimu. Nasema tu kuwa msomaji ana haki ya kutabasamu.

Sasa tuulize kama jambo lenyewe ni kweli. Ipo mitego miwili hapa, na baraza letu hunasa katika yote miwili.

Mtego wa kwanza ni umri. Mama anapomlinganisha mwanawe wa miaka 14 na yule wa miaka 7, humwona mkubwa kuwa ana akili ya mambo na mdogo kuwa ni mtundu. Ni kweli, lakini mkubwa naye alikuwa mtundu alipokuwa na miaka 7, ila mama ameshasahau. Tukimwona kifungua mimba mtulivu mbele ya wadogo zake, mara nyingi tunachokiona ni miaka aliyowazidi.

Mtego wa pili ni ukubwa wa familia. Mtu wa nane lazima ametoka katika nyumba ya watoto wanane au zaidi, lakini wa kwanza anaweza kutoka katika nyumba ya mtoto mmoja au wawili, ambako huenda wazazi wana nafasi zaidi na fedha zaidi. Ukiwalinganisha hao wawili unalinganisha nyumba mbili, ukidhani unalinganisha zamu mbili za kuzaliwa. Wataalamu wawili wa Uswisi, Cécile Ernst na Jules Angst, waliuonyesha mtego huu mwaka 1983, walipopitia tafiti za miaka zaidi ya 30 na kuona kuwa nyingi zilianguka humo. Sulloway alizipitia upya hesabu zao akaona vingine, na mabishano yakaendelea.

Mwaka 2015 zikatoka kazi mbili kubwa zilizojitahidi kuiepuka mitego hiyo. Moja ya Wajerumani, Julia Rohrer na wenzake, ilitazama watu zaidi ya 20,000 wa Marekani, Uingereza na Ujerumani. Nyingine ya Rodica Damian na Brent Roberts ilitazama wanafunzi wapatao 377,000 wa sekondari za Marekani. Walipima uchangamfu, upole, bidii ya kazi, utulivu wa moyo na wepesi wa kupokea mapya, hilo la mwisho likiwa ndilo uti wa mgongo wa kitabu cha Sulloway. Rohrer na wenzake hawakuona athari ya zamu ya kuzaliwa katika tabia hizo. Damian na Roberts waliona athari ndogo mno, kiasi ambacho mtu hawezi kukiona kwa macho akikaa na ndugu wawili chumba kimoja. Hata maneno ya wazee wangu pale khitma yamekwenda na maji.

Kimebaki kitu kimoja kidogo. Katika mitihani ya akili, watoto wa kwanza huwazidi wanaowafuata kwa pointi moja au mbili hivi. Si tofauti ya kumtenga mwerevu na mjinga, lakini imeonekana mara nyingi. Kuhusu hilo, mwaka 2007 wataalamu wa Norway, Petter Kristensen na Tor Bjerkedal, walitoa jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko kitabu kizima cha Sulloway. Walitazama vijana zaidi ya 240,000 waliopimwa kwa ajili ya jeshi. Wakawatafuta wale waliozaliwa wa pili lakini kaka au dada yao alifariki akiwa mchanga, yaani walizaliwa wa pili wakalelewa kama wakubwa. Matokeo yao yalikaa pamoja na ya watoto wa kwanza. Kama sababu ingekuwa tumboni kwa mama, wangebaki na wenzao wa pili. Basi kinachofanya kazi ni nafasi ambayo mtoto anapewa nyumbani.

Kwa haki lazima niseme kuwa Sulloway naye anakubali kuwa cha kutazamwa ni nafasi ambayo mtoto alilelewa nayo. Ameufungua mlango huo, ila hakupita. Kwake nafasi ikishapatikana utotoni hugeuka hulka, na mtu hutembea nayo mpaka uzeeni. Hapo ndipo ninapoachana naye, na ili nieleze kwa nini, naomba tuondoke kidogo kwenye nyumba za Ulaya alizozipima yeye, tuingie katika nyumba ambayo wengi wetu, wa Unguja na wa Oman, tunaijua habari yake: nyumba ya Seyyid Said bin Sultan.

Seyyid Said alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto 36, kwa hesabu ya binti yake Salme, aliyeandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani zikachapishwa mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete. Mkubwa wa wana wa kiume, Hilal, ambaye kwa nadharia ya Sulloway angekuwa mlinzi wa kiti cha baba, ndiye aliyegombana na baba. Mwaka 1845 alikwenda mpaka London kutafuta haki yake, asiipate, na mwaka 1851 akafariki Aden akiwa mbali na nyumbani. Baba alikuwa ameshawataja Khalid kwa upande wa Afrika na Thuwaini kwa upande wa Oman, na Khalid alipokufa mwaka 1854 nafasi ikamwendea Majid. Kwa Waibadhi kuzaliwa wa kwanza hakumpi mtu haki ya kutawala, kwa hiyo kiti anachokizungumza Sulloway hakikuwa na mwenyewe tangu asubuhi.

Tumtazame Barghash. Mwaka 1859 alimwasi kaka yake Majid, akashindwa kwa msaada wa Waingereza, akapelekwa Bombay. Hapa Sulloway angepiga makofi: mdogo amemwasi mkubwa! Lakini Majid alipofariki mwaka 1870, muasi yule akakalia kiti mpaka alipofariki mwaka 1888, na akawa mtawala asiyependa kupingwa na mtu, sembuse ndugu. Salme aliporudi Unguja mwaka 1885 akiomba wapatane na apewe haki zake za urithi, Barghash hakukubali hata kumwona. Zamu yake ya kuzaliwa haikubadilika hata siku moja. Kilichobadilika ni mahali alipokaa.

Na Salme mwenyewe ni wa ngapi? Kwa baba yake alikuwa miongoni mwa wadogo, mwenye wapwa waliomzidi umri. Kwa mama yake alikuwa kama mwana wa pekee, kwani dada yake wa tumbo moja alifariki mdogo. Tumhesabu kwa baba au kwa mama? Lugha yetu inajua kuwa ndugu wa baba mmoja na ndugu wa tumbo moja ni hesabu mbili. Katika nyumba ya wake wengi kila mama ana kifungua mimba wake, na mtoto huyo huyo ni wa kwanza hapa na wa ishirini pale. Kitabu cha Sulloway hakina safu ya kumwandika mtu kama huyo.

Jambo lililomwingiza Salme katika uasi wa 1859, akiwa na miaka 15 tu, halikuwa zamu yake. Wasichana wa nyumba ile walifundishwa kusoma tu, kuandika hapana. Salme alijifunza mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Wakati wa fitina walipohitaji mtu wa kuandika barua za siri, yeye ndiye aliyekuwa na kalamu. Alimpenda Majid, aliyekaa naye utotoni, lakini alimpenda zaidi dada yake Khole, na Khole alikuwa upande wa Barghash. Mapenzi na kalamu vilimpa nafasi katika uasi, na nafasi ile ikampa sifa ya muasi, sifa ambayo baadaye ilisahaulisha kuwa aliijutia.

Nimekaa sana katika nyumba hii kwa sababu inaonyesha kile ambacho hesabu za 2015 haziwezi kukisema peke yake. Hesabu zinatuambia kuwa tabia hazifuati zamu. Hazituambii kwa nini basi sote tunaona kwa macho yetu kuwa mkubwa ana uzito na mdogo anadeka. Jibu langu ni kwamba tunachokiona ni kazi tuliyowapa, halafu tunaiita tabia. Lugha yetu yenyewe inalijua hili. Tunasema mkubwa ni jalala. Jalala halizaliwi jalala. Ni pahali tu kama pengine, mpaka watu wakubaliane kutupa taka hapo. Kesho ukilifagia na kupanda maua patakuwa bustani, na taka zitatafuta pengine.

Na sisi tulio ugenini tumeshuhudia jalala likihamishwa. Nilisema nilikuwa na sababu ya kukisoma kitabu hiki. Kwetu mkubwa ni kaka yangu, kisha dada, kisha mimi, na wawili nyuma yangu. Utotoni nilikuwa yule wa katikati anayesahauliwa. Nilikuja huku mwaka 1999, wa kwanza kutoka. Ndani ya miaka michache simu za nyumbani zikaanza kupiga kwangu: ada ya shule, bati la nyumba, mahari ya mdogo wetu. Nikaanza kusema kwa uzito, nikaanza kukasirikia upuuzi, nikaanza kutoa amri. Wadogo zangu wakaniogopa. Mama alipopata kiharusi, daktari alitaka jibu la haraka, na waliokuwa wamesimama kitandani wakanipigia mimi, maili elfu kadhaa kutoka hapo, kuniuliza la kufanya. Kaka yangu alikuwa miongoni mwao, mikono yake bado na maji ya kumwosha mama.

Mwaka mmoja kabla ya hapo aliwahi kuniambia, "Siku hizi mkubwa ni mwenye kutuma." Nilikasirika sana. Nilidhani ananionea wivu, na nikajisemea kuwa mkubwa wa kweli asingesema hivyo. Leo naona alikuwa ameeleza, kwa maneno sita, kile ambacho wataalamu wamekitafuta kwa miaka mingi. Mzee wangu wa khitma hakukosea kuona uzito kwangu. Alikosea kuutafuta tumboni kwa mama yangu. Ulitokana na bahasha. Na uzito ule nilioupata mimi, kuna mtu aliondolewa: yule aliyemgeuza mama kitandani usiku na mchana, aliyeshuka kaburini kumpokea, na ambaye hakuna mtu aliyemwuliza neno.

Hii ndiyo hatari ninayoiona katika kitabu kama cha Sulloway kikifika barazani petu. Mtu akiamini kuwa mkubwa amezaliwa na mabega mapana, hatauliza kama amechoka. Akiamini kuwa kitinda mimba amezaliwa mtoto, hatamsikiliza hata akifika miaka 50. Na akiamini kuwa wa katikati ni wa kusahauliwa, atamsahau. Nadharia hugeuka udhuru wa kuendelea na mgawo wa kazi tuliouzoea, ilhali mgawo ni wetu na tunaweza kuugawa upya.

Sisemi kuwa ndugu hawana athari kwa ndugu. Mwishoni mwa 2024 wataalamu wawili wa Canada, Michael Ashton na Kibeom Lee, walitoa matokeo ya watu zaidi ya 700,000. Waliona kuwa waliokulia katika familia kubwa ni wanyenyekevu zaidi na wepesi zaidi wa kuelewana na watu kuliko waliokua peke yao. Tofauti yenyewe si kubwa, na wingi wa ndugu ulikuwa na uzito kuliko zamu. Kwangu mimi hili halinishangazi. Aliyewahi kula sahani moja na ndugu wanne anajua kuwa mkono ukichelewa nyama imekwisha, na ukiwahi sana utapigwa jicho na mama. Hayo ni mafunzo ya wote watano, na si ya mkubwa peke yake.

Kitabu cha Sulloway kinastahili kusomwa, kwa sababu kinauliza swali ambalo wengi hulipita: imekuwaje watu waliolelewa na mama mmoja wawe mbali hivi? Amesema kweli kuwa ndugu huishi katika nyumba moja lakini hawaishi maisha mamoja. Kosa lake ni kudhani kuwa mlango wa nyumba ile hufungwa utoto ukiisha.

Nilipokimaliza nilimpigia kaka yangu. Ilikuwa imebaki habari ya nyumba ya mama, kama iuzwe au ikodishwe, na wadogo walikuwa wananingoja mimi niseme. Nikamwambia, "Kaka, nyumba ya mama tuifanyeje? Amua wewe, mimi nitafuata." Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Tuwaite wote watano tuzungumze. Na yule mdogo aanze yeye kusema, maana hatujapata kumsikia."